Alikaa Hapa Mara Moja
Sehemu ya Saba

Magoti ya Glenys Hartnoll yalikuwa bado kwenye nyasi zenye umande, na kidole chake bado kiko juu ya kile kibao cha shaba, pale pale tulipomwacha Jumapili iliyopita.

Wewe uliyekosa gazeti kwa sababu shemeji yako alifungia maandazi, soma haraka tusonge mbele. Glenys ni mjane wa miaka sitini na sita, mkazi wa Peterborough. Mumewe, Alwyn, alifariki mwaka mmoja na nusu uliopita. Kwa miaka thelathini na tatu wawili hao walikuwa na desturi moja: Ijumaa ya mwisho wa mwezi, begi moja, treni, na mji mmoja kati ya miji kumi na tisa waliyoipenda. York, Whitby, Ludlow, Tenby, Rye. Alwyn alitembea na daftari la kutoa maksi kwa kifungua kinywa cha kila nyumba ya wageni, na hakuwahi kumpa mtu kumi.

Tangu afe, Glenys amerudi kote huko peke yake. Kila mji ameuachia kijiko kimoja cha majivu ya mumewe. Sasa miji imekwisha, na majivu yaliyobaki yamo ndani ya chupa ndogo ya jemu, na chupa imo mkobani.

Kulibaki mji mmoja tu, Sheringham, ambao Alwyn alikataa kumpeleka mpaka anakata roho. "Kule hakuna kitu ila upepo," alikuwa akisema, kisha anabadilisha mazungumzo. Glenys akaona basi, mzee, twende tukaone huo upepo wako.

Na katika mji huo alioukataa, juu ya benchi jipya linaloitazama bahari, kibao kilisema hivi:

ALWYN HARTNOLL
1954–2023
ALIKAA HAPA MARA MOJA

Glenys alisoma mara ya tatu. Alijaribu kujidanganya kwamba ni Alwyn Hartnoll mwingine, aliyezaliwa mwaka huo huo akafa mwaka huo huo. Lakini Hartnoll si jina la kuokotwa njiani. Katika kitabu cha simu cha Peterborough walikuwamo wawili tu, Alwyn na baba yake.

"Samahani," ilisema sauti nyuma yake. "Umepoteza kitu?"

Glenys aligeuka. Alimwona mwanamke wa rika lake, au mdogo kidogo, nywele nyeupe zimekatwa fupi, ameshika kitambaa cha kufutia, na kwapani ana chupa ya chai.

"Kipuli," Glenys alidanganya.

"Ah! Pole. Ngoja nikusaidie."

Yule mwanamke aliweka chupa chini, naye akapiga magoti. Wakapapasa majani, wawili hao, dakika nzima na zaidi. Halafu yule mwanamke akainua uso, akaona vipuli vyote viwili vinaning'inia masikioni mwa Glenys. Alivitazama, akainamisha kichwa, akaendelea kupapasa.

"Pengine kimeingia mchangani," alisema.

"Pengine," alisema Glenys.

Usicheke, msomaji. Kule kwao mtu akidanganya kwa adabu hasutwi, anasaidiwa kutafuta.

Waliinuka wakapangusa magoti, na Glenys akaegemeza mwavuli wake kwenye benchi. Yule mwanamke akalifuta benchi kutoka mwanzo hadi mwisho, halafu kile kibao akakifuta peke yake, polepole, herufi kwa herufi.

"Kaa, mwenzangu," yule alisema. "Benchi ni la watu wote. Kumepoa leo, eh?"

"Kumepoa. Lakini si kama jana."

"Jana ilikuwa mbaya."

"Mbaya sana. Kule kwetu mvua ilinyesha usiku kucha."

"Hapa ilikuja saa tisa, ikaenda, ikarudi."

Waliiongelea hali ya hewa kwa dakika kumi. Hakuna aliyeuliza jina la mwenzake. Glenys alikuwa na maswali mia moja kooni, akawa anajibu habari za mawingu. Kwa pembe ya jicho alimkagua yule mwanamke: viatu vya matope, mikono yenye mikwaruzo ya mtunza bustani, pua imewiva kwa baridi. Hakuwa mrembo hata kidogo, na jambo hilo lilimuudhi Glenys kuliko kama angekuwa mrembo.

Mwishowe hakuweza kuvumilia.

"Benchi zuri. Ni la nani?"

"Nimeliomba mimi, kwa halmashauri. Wameniweka miezi minane. Fomu juu ya fomu. Ungedhani naomba kujenga uwanja wa ndege."

"Marehemu ni mumeo?"

"Hapana."

"Kaka yako?"

"Hapana," alisema yule mwanamke. Akafungua chupa, akamimina chai kwenye vikombe viwili vya plastiki. "Utakuwapo hapa mpaka lini, mwenzangu?"

"Kesho mchana naondoka."

"Hutarudi?"

"Sidhani."

Yule mwanamke akavuta pumzi. Ukitaka kujua kosa la siku ile lilianzia wapi, lilianzia hapo. Watu wa kule kwao watamficha jambo dada, padri na daktari, kisha watalimwaga lote kwa mgeni waliyekutana naye kwenye benchi, almradi mgeni mwenyewe ana tiketi ya kuondoka.

"Basi nitakwambia wewe," alisema. "Watu wa hapa siwaambii. Hapa ukipiga chafya asubuhi, jioni unaletewa dawa mlangoni. Mimi naitwa Rosalind."

Glenys hakutaja jina lake. Alishika kikombe kwa mikono miwili ili kisimwagike.

"Ilikuwa Juni mwaka tisini," alisema Rosalind. "Nilikuwa na miaka ishirini na saba, nafanya kazi mkahawani, pale kulipo na duka la aiskrimu sasa. Ijumaa moja akashuka mwanamume kutoka treni ya mwisho. Hana begi. Hana koti. Alishuka hapa kwa sababu reli inaishia hapa, basi. Akaja kukaa. Benchi la zamani lilikuwa hapa hapa, bovu. Ikanyesha, hakuondoka. Nimefunga mkahawa, nimekata keki iliyobaki, natazama nje, bado yuko. Nikamletea chai."

"Ukamletea chai," alisema Glenys.

"Alikuwa analia. Mwanamume mzima. Sijawahi kuona. Baba yangu alikatwa vidole viwili na mashine na hakulia."

"Alikuwa analilia nini?"

"Mkewe alikuwa amepoteza mimba wiki ile. Ya tatu. Ya tatu, mwenzangu! Na yule mke, maskini, kwa uchungu wake alimwambia, 'Nenda. Nenda popote pale, nisione uso wako.' Basi akaenda stesheni, akapanda treni aliyoikuta."

Kikombe kilimwagika. Chai ilimchoma Glenys mapajani, na hakusikia.

Maana maneno yale alikuwa anayajua. Yalikuwa yake. Aliyasema jikoni, mgongo umeegemea jokofu, na mkononi ameshika soksi moja ndogo ya sufi ambayo hakuwahi kuimaliza. Nenda popote pale, nisione uso wako. Na Alwyn akaenda kweli. Alirudi Jumapili jioni, amelowa, amekonda kwa siku mbili. "Ulikuwa wapi?" "Norwich, kwa rafiki." Hakumuuliza tena. Alifurahi tu kwamba amerudi.

"Pole, umeungua!" Rosalind alikuwa ameshakamata kitambaa. "Ni hiki kikombe, kina ufa."

"Si kitu. Endelea."

"Alikaa siku mbili. Kwangu." Rosalind aliitazama bahari wakati akisema. "Sisemi nilifanya vyema. Nilimwonea huruma, na ile huruma ikanipeleka mbali kuliko nilivyokusudia. Jumapili alisema anarudi kwa mkewe, na mimi nikamsindikiza stesheni. Ndiyo hadithi yote."

"Si yote," alisema Glenys. Alijishangaa sauti yake ilivyotoka kavu.

"Hapana. Si yote." Rosalind alitabasamu vibaya. "Miezi mitatu baadaye nikamwandikia kazini kwake. Alijibu barua moja tu. Naijua kwa moyo. 'Mke wangu amezika watoto watatu ambao hawakupata hata majina. Siwezi kumwambia kwamba mimi ninaye wa nne, aliye hai.'"

Upepo uliinua karatasi moja ya chipsi ukaipitisha mbele yao. Glenys aliifuata kwa macho mpaka ikapotea.

Mtoto. Alwyn alikuwa na mtoto.

"Hakuja kumwona?" aliuliza.

"Hata siku moja. Aliandika kwamba akimwona mara moja tu, hataweza kurudi nyumbani. Na nyumbani alikuwa ameahidi kurudi. Kila Desemba ilikuja kadi ya Krismasi. Ndege mwekundu kifuani, theluji, basi. Ndani hakuna neno. Kadi thelathini na mbili. Mwaka juzi ilikuwa ya mwisho. Mwaka jana haikuja, nikajua. Nikatafuta magazeti ya kwao nikaona tangazo."

Sasa Glenys alikumbuka mambo aliyoyaona miaka yote bila kuyaona. Alwyn, mtu ambaye hakujua hata stempu zinakaa droo gani, kila Desemba alikuwa anasema, "Kaa, mke wangu, nitazipeleka mimi kadi posta." Naye akimwona mume mwema. Siri ya mtungi aijuaye kata, lakini kata nayo kumbe imenyimwa.

Na lilikuwapo lingine, baya zaidi. Alipiga hesabu ya miezi kichwani, akairudia, ikatoka vile vile. Juni mwaka tisini Alwyn alikuwa Sheringham. Julai, Ijumaa ya mwisho, alirudi kutoka kazini na tiketi mbili za York. "Tutoke kidogo, Glen. Mimi na wewe. Kila mwezi, unaonaje?"

Kumbe York ilikuwa ya kuomba radhi. Whitby ilikuwa ya kuomba radhi. Ile wikiendi ya Tenby waliyocheza dansi kwenye ukumbi mtupu kama wendawazimu, na ile ya Ludlow ambapo mvua iliwafungia ndani wakala pai ya nyama kitandani, zote zilikuwa za kuomba radhi kwa kosa ambalo Glenys hakuambiwa. Maisha yake bora yote yalianzia kwenye benchi hili.

"Na huyo mke," alisema, "unamchukia?"

"Nilimwonea wivu miaka ishirini. Halafu nikachoka." Rosalind aliangalia vidole vyake. "Sasa nawaza tu, yuko hai? Ana mtu wa kula naye chakula cha Jumapili? Alipendwa sana yule mwanamke. Hata zile siku mbili alipokuwa kwangu, alikuwa anamzungumzia yeye."

Glenys angeweza kusema pale pale. Neno moja lingetosha: mimi. Lakini lilikwama. Na ndipo Rosalind, kwa roho safi kabisa, akaongeza la mwisho.

"Imogen anakuja na treni ya saa sita na nusu. Binti yangu. Kila Jumamosi tangu benchi hili liwekwe anatoka Norwich kuja kukaa hapa. Hana kaburi la kwenda. Tulipiga simu kule walikomchomea, wakatuambia majivu alichukua mjane. Laiti ningejua kayaweka wapi! Hata kidogo tu."

"Ungeyafanyia nini?"

"Mimi? Sina haki nayo. Mimi linanitosha hili benchi. Ningempa Imogen. Ana miaka thelathini na tatu na hajawahi kumgusa baba yake."

Mkoba ulikuwa juu ya magoti ya Glenys. Chupa ya jemu ilikuwa ndani ya mkoba, imefungwa kwa skafu. Kati ya mkono wa Rosalind na majivu ya Alwyn haukuwapo hata urefu wa kiganja.

Glenys alisimama.

"Samahani. Nimekumbuka kitu. Asante kwa chai."

"Nimekuchosha na mambo yangu."

"Hata kidogo."

"Sikukuuliza jina, mwenzangu."

"Margaret," alisema Glenys, akaondoka.

Alitembea haraka bila kujua anakokwenda. Aliteremka ngazi za saruji mpaka chini kabisa, ambako mawe yanaanza na mawimbi yanayapiga. Hapakuwa na mtu. Alitoa chupa mkobani, akaishika mbele ya uso wake kama anavyoshikwa mtoto mkosefu.

"Wewe mzee!" alisema. "Wewe mnafiki mzee! Soseji saba kati ya kumi! Mayai sita kati ya kumi! Hukuona haya? Miaka thelathini na tatu unaandika habari za mayai!"

Majivu yalikaa kimya, kama Alwyn mwenyewe alivyokaa kimya kila alipokosa hoja.

"Nilikufulia. Nilikuosha ulipokuwa huwezi kusimama. Nilikubeba York, nimekubeba Wales na mgongo wangu huu. Na kumbe ulikuwa baba wa mtu! Mimi nilikuwa nalia usiku kwa sababu sikukupa mtoto, na wewe unanipigapiga mgongoni, unasema, 'Tunatoshana, Glen.' Tunatoshana!"

Sauti ilipasuka. Alifungua kifuniko.

"Hawatakupata. Unasikia? Hata chembe. Walipata siku mbili, zinawatosha."

Hasira hasara, wahenga walisema, na wahenga hawakuwa na haja ya kwenda Sheringham kulijua hilo. Glenys alirusha mkono kwa nguvu zake zote, akamwaga chupa nzima kuelekea baharini.

Lakini upepo ulikuwa unatoka baharini. Mtu yeyote aliyezaliwa pwani ile angemwambia. Glenys alikuwa mwanamke wa Peterborough, na katika miji yote kumi na tisa alikuwa amemimina kijiko kimoja kimoja, chini ya ua au penye maji yaliyotulia. Majivu yalipanda juu, yakasimama kidogo hewani, yakarudi. Yalimpiga usoni. Yaliingia kwenye nywele, kwenye nyusi, kwenye meno. Koti lake la sufi la buluu liligeuka la kijivu kuanzia begani mpaka mfukoni. Mengine yalimpita yakaangukia mawe, na wimbi moja likaja likayachukua.

Mwanamume mmoja alikuwa anashuka ngazi na mbwa. Aliona yote. Alimwona mwanamke mzima amesimama na chupa tupu, amepakwa majivu kichwa mpaka miguu, machozi yamechora mistari miwili mashavuni. Akagusa kofia yake.

"Upepo mkali leo, bibi."

"Mkali," alisema Glenys, mumewe akiwa bado kwenye meno.

"Wanasema jioni utatulia."

"Ingefaa."

Mbwa alinusa viatu vya Glenys. Mwanamume akamvuta, akaomba radhi kwa niaba ya mbwa, wakaenda zao.

Glenys alikaa kwenye ngazi, akalia. Hakulia hivi siku ya mazishi, maana siku ya mazishi palikuwa na sandwichi za kugawa na mashangazi wa kusindikiza. Sasa alilia kwa sauti, mdomo wazi, bila kujali, mpaka machozi yakamwosha uso. Alimlilia Alwyn, akamlilia yule msichana wa mkahawani aliyepeleka chai mvuani. Aliwalilia wale watatu wasio na majina. Na katikati ya kilio akamwona Alwyn wa mwaka tisini, hana koti, amesimama stesheni akingoja treni yoyote ile, kwa sababu mke wake alimwambia nenda.

Mimi ndiye niliyemtuma, aliwaza. Nilimtuma mwenyewe, na aliporudi hakuninung'unikia. Alijinyima binti yake ili mimi nisiumie. Na mimi nimemlipa nini leo? Nimemnyima huyo binti kiganja kimoja cha vumbi.

Alichukua chupa akaitazama ndani. Alipitisha kidole pembeni, kwenye kingo, chini kabisa. Hakuna. Chupa ile aliiosha mwenyewe kwa maji ya moto na sabuni, akaikausha sana, kwa heshima ya marehemu, na sasa haikubakiza hata alama. Maji yakimwagika hayazoleki, sembuse majivu.

Juu ya mji, treni ilipiga honi. Saa sita na nusu.

Glenys aliinuka. Aliamua kuondoka. Atapita njia ya nyuma, atachukua begi lake nyumba ya wageni, atamwambia mwenye nyumba kwamba dada yake mgonjwa. Treni ile ile iliyomleta binti itamrudisha yeye. Hawatajua kamwe. Kwao atabaki Margaret, mgeni mmoja aliyepoteza kipuli.

Alipanda ngazi mbili mbili kwa kadiri umri ulivyomruhusu. Alifika juu, akakata kushoto nyuma ya vibanda vya kubadilishia nguo. Hatua ishirini zaidi na angekuwa salama.

"Mama! Samahani! Mama Margaret!"

Hakugeuka. Akaongeza mwendo.

"Mama, mwavuli wako!"

Basi tena. Mtu akikukimbilia na mwavuli wako huwezi kumkimbia. Glenys alisimama, akageuka.

Msichana alikuwa anakimbia vibaya, mabega mbele na viwiko nje, kama Alwyn alivyokimbilia treni za Ijumaa. Alikuwa na kidevu cha Alwyn. Alikuwa na ile nyusi ya kushoto iliyopanda juu ya mwenzake, ambayo Glenys aliibusu maelfu ya mara bila kujua kwamba iko nyingine duniani. Alisimama mbele yake akihema, akacheka kwa aibu, na hata lile cheko, Mungu wangu, hata cheko lilianzia puani.

"Uliuacha kwenye benchi. Mama kasema umekuja mapumziko, isije ikanyesha ukalowa ukatuchukia."

"Asante, binti."

"Ulivyotembea haraka! Nilikuwa natoka stesheni moja kwa moja, kanirushia mwavuli, kaniambia kimbia." Alimkazia macho, cheko likapungua. "Pole. Umelia?"

"Upepo."

"Ndiyo, upepo wa hapa unaliza watu." Imogen alisitasita. "Mama kasema amekusimulia habari zetu. Tafadhali usimwone vibaya. Hana wa kumwambia, ndiyo maana anawamalizia wageni."

"Sikumwona vibaya."

"Mimi nakuja tu kukaa. Najua ni upuuzi. Ni mbao nne na misumari. Lakini najiambia alikaa hapa, basi na mimi nakaa hapa." Akaiona pete kwenye kidole cha Glenys. "Mumeo yupo?"

"Alifariki."

"Pole sana. Umemzika kwenu?"

"Sikumzika. Nilimgawa. Miji mingi. Alikuwa anapenda kutembea."

"Loo, vizuri hivyo!" Imogen alisema, na alimaanisha. "Kwa hiyo popote ukienda unamkuta. Ana bahati."

Glenys aliuhamishia mwavuli mkono wa pili. Alitaka kusema, na hakujua neno la kwanza ni lipi. Samahani? Mimi ni mke wa baba yako? Nusu saa iliyopita alikuwamo mkononi mwangu?

"Mama, umechafuka," alisema Imogen. "Begani hapa, mpaka mfukoni. Umeegemea ukuta wa chokaa? Ngoja." Alikuwa ameshachomoa kitambaa cheupe mfukoni, amekikunja, mkono wenye glovu umeinuka. "Koti zuri hili. Nikikung'uta mara mbili tu linatoka lote."

"Usifute!"

Glenys alimkamata kifundo cha mkono. Alimkamata kwa nguvu mno, mwavuli ukaanguka ukabiringika njiani. Imogen aliduwaa.

"Nimekuumiza, mama?"

"Hapana. Hapana, mwanangu." Neno hilo lilimtoka lenyewe, na alipolisikia akaanza kulia upya. "Usilikung'ute. Vua glovu."

"Samahani?"

"Vua glovu, Imogen. Nakuomba. Halafu weka mkono hapa."

Mbali kidogo, kando ya benchi, Rosalind alikuwa amesimama, amekinga macho kwa kiganja, akijaribu kuona kwa nini wanachelewa.

Imogen alivua glovu, pengine kwa adabu tu, kama mtu anavyomkubalia kikongwe asiyejiweza. Aliweka kiganja kitupu begani mwa Glenys, juu ya sufi, palipokolea zaidi. Akakibakisha hapo. Glenys alifumba macho.

Kiganja kilipotoka kilikuwa kijivu. Imogen alikigeuza kwenye mwanga, akasugua kidole gumba juu ya cha shahada, akasikia chembechembe ngumu zinakwaruza. Rangi ya uso wake ilianza kubadilika.

"Mama," alisema polepole, "hili ni vumbi la nini?"